Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuchoma Nguo za Mabingwa

Baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja ya utumishi, Mkaguzi Mkuu wa Vifaa vya Kinga wa Shirikisho letu la Mbio za Magari anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni. Saa imetajwa kwa sababu mwenyewe ameuliza mara tatu kama ni saa kumi kamili au ni saa kumi ya uongozi, ambayo sote tunajua huanza saa kumi na moja na robo.

Kamati ya sherehe ilimwomba mwandishi aandike wasifu "wenye furaha na usiomgusa mtu". Furaha ipo. Hilo la pili limeshindikana. Mama huyu amemgusa kila mtu katika jengo hili, na wengine bado wana alama.

Madereva wanamwita Mama Kiberiti. Wafanyakazi wapya hudhani ni kwa sababu ya ukali, kumbe ni kiberiti chenyewe, kile cha njiti, ambacho hukaa mfuko wa kulia wa koti lake jeupe. Dereva akija na ovaroli mpya na kuapa kwamba haishiki moto, mama huchomoa uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, akauwashia njiti palepale mlangoni. Uzi wa kweli hugeuka mweusi na kukauka, basi. Uzi wa uongo huyeyuka na kudondosha matone. Madereva watatu waliwahi kuondoka na ovaroli zao kabla njiti haijazimika, bila kuaga.

Aliajiriwa kama fundi cherehani. Kazi yake ilikuwa kushona viti vilivyochanika na bendera za wale wanaozipeperusha pembeni mwa njia ya mbio. Maabara wakati ule ilikuwa stoo ya matairi iliyotobolewa dirisha moja, ndani yake meza, jiko la gesi na saa ya ukutani iliyosimama. Fundi wa maabara alipoacha kazi, mkurugenzi wa enzi hizo alimwita fundi cherehani akamwambia ashikilie kwa wiki mbili mpaka apatikane mtu. Mtu hajapatikana hadi leo, na barua ya kusema wiki mbili zimekwisha haijaandikwa. Alipoona hivyo akaamua kusoma. Alichukua kozi kwa njia ya posta, akafanya mitihani huku ana watoto wawili wa shule na mume wa zamu za kiwandani, na cheti cha upimaji akakipata akiwa na miaka arobaini na moja. Shirikisho lilimpongeza kwa kumwomba ashone pia mapazia ya ukumbi wa mikutano.

Kwa wale wa ghorofa ya juu wanaoijua kazi yetu kwa kelele tu: kabla kifaa chochote hakijapewa stika ya Shirikisho, sampuli yake hupita kwetu. Helmeti huvikwa kichwa cha chuma, hupandishwa kwenye mnara wa mita tatu, kisha huachiwa idondoke juu ya bonge la chuma. Huo ndio mshindo unaomwaga chai zenu. Kitambaa cha ovaroli huwekwa juu ya moto wa gesi, kipimajoto upande wa pili, tukahesabu sekunde mpaka joto lifike kiwango cha kuunguza ngozi. Sekunde hizo ndizo kazi yote. Dereva aliyefungwa mikanda ndani ya gari linalowaka anazihitaji ili ajifungue na kutoka. Nguo nzuri humpa hizo sekunde. Nguo mbaya humpa picha nzuri ukurasa wa mbele, siku moja kabla ya mbio.

Madereva, Mungu awape maisha marefu, hawajawahi kulielewa jambo hili. Kuna aliyechota sponji ya ndani ya helmeti yake kwa kijiko cha supu ili spika za redio za masikioni zimkae vizuri. Kuna aliyeleta helmeti ya bodaboda iliyopakwa rangi ya fedha, akasema ni toleo maalumu. Na kuna yule mkongwe aliyekataliwa helmeti kwa kuwa muda wake umepita, akasimama katikati ya maabara akipaza sauti:

"Imepita muda? Kwani ni maziwa?"

"Maziwa yakiharibika utanusa," mama alimjibu bila kuinua macho. "Hii utainusa vipi?"

Mkongwe akaiacha mezani, akaondoka ananung'unika. Wiki ya pili yake tuliiweka helmeti ile kwenye mnara. Ilipasuka vipande viwili, safi kabisa, kama imekatwa na msumeno. Mama akamtumia nusu moja nyumbani kwa heshima zote, ndani ya boksi la viatu.

Mkurugenzi wetu wa sasa, atakayesoma hotuba yake mara baada ya wasifu huu, na ambaye tunamshukuru mapema kwa uvumilivu wake, alijiunga nasi miaka minane iliyopita akitokea kampuni ya vinywaji baridi. Alikuja na neno moja jipya, "kubadilika". Tulitakiwa kubadilika kila Jumatatu saa tatu. Katika fomu za tathmini aliongeza kipengele cha "ushirikiano na wadau", na Mama Kiberiti akapata "wastani" mwaka baada ya mwaka, hata mwaka ambao wadau wawili walitoka wazima kwenye gari lililopinduka mara tano.

Sasa tufike kwenye mwaka ambao kamati ilishauri urukwe.

Miaka sita iliyopita Shirikisho lilipata mdhamini mpya wa mashindano makubwa. Mdhamini alileta zawadi ya ovaroli arobaini na mbili kwa madereva na mafundi wote, rangi ya chungwa inayokata macho, jina lake limeandikwa kifuani, mgongoni na mapajani. Zilikuja na cheti chenye mihuri mitano. Mama alikigeuzageuza kile cheti, akasema cheti cha kweli hutosheka na muhuri mmoja unaosomeka. Akapanda juu kuomba ovaroli moja ya kupima.

"Mama," mkurugenzi alimwambia, "ziko arobaini na mbili na watu wako arobaini na wawili. Nikikupa moja uichome, huyo mmoja avae nini?"

"Avae ya zamani."

"Ya zamani haina jina la mdhamini."

"Moto hausomi majina, bosi."

Akaambiwa afunge mlango kwa nje.

Ingeishia hapo kama si bingwa wetu. Nyote mnamkumbuka. Vipeperushi vyetu vilisema ana urefu wa mita moja na sentimita themanini, na hakuna aliyewahi kuthubutu kuleta futi. Siku tatu baadaye bingwa alikuja maabara kwa mlango wa nyuma, ovaroli yake imekunjwa ndani ya mfuko wa soko. Suruali ilikuwa inamfunika viatu na kubaki. Kwa fundi wa mtaani asingeenda hata kwa kuburutwa, ila alijua mama ni fundi na ana kifua cha kutunza siri. Mama akampima, akakata, akapiga mshono. Sentimita tisa kila mguu. Bingwa akashukuru, akatoka kwa mlango uleule.

Vile vipande viwili vilibaki mezani.

Kiwango chetu kinataka sekunde kumi na moja. Kipande cha kwanza kilitoa sekunde nne. Cha pili kilitoa tatu na nusu, kisha kikaanza kudondosha matone meusi yaliyoendelea kuwaka hata yalipofika sakafuni. Saa ya kuhesabia ilikuwa mkononi mwangu, mimi msaidizi wake. Mama alizima gesi, akasema, "Hii ni nguo ya kanivali." Kisha akaandika ripoti.

Ripoti zetu zina sehemu inayouliza sampuli imetoka wapi. Mama Kiberiti, ambaye hajawahi kuandika uongo hata kwenye fomu ya likizo, aliandika: "Mapindo ya suruali ya bingwa, sentimita tisa kila mguu." Kabla ya saa sita mchana jengo zima lilikuwa limevunjika mbavu. Nakala zilipita ofisi hadi ofisi. Kila mtu alisoma mstari ule. Mistari minne iliyofuata, ya sekunde na matone, sijui kama kuna aliyefika. Bingwa akaacha kupokea simu za mama. Mkurugenzi alirudisha ripoti ikiwa na maneno matatu pembeni: "Upindo si ovaroli." Keshoye ikaja barua ya kumhamishia mama stoo ya karatasi na wino, "kwa lengo la kuimarisha kitengo hicho".

Wasifu huandikwa katika nafsi ya tatu, na hapa nafsi ya tatu ingenifaa sana kujifichia. Aliyekalishwa kwenye kiti chake ni mimi.

Mkurugenzi alishuka mwenyewe na faili. Hakunilazimisha. Alivuta kiti, akasema, "Wewe ni mtu wa kuelewa." Nikaelewa. Nilikuwa nimeona moto kwa macho yangu, saa ilikuwa mkononi mwangu, na nikaelewa. Niligonga mihuri arobaini na miwili kwa dakika ishirini, pamoja na kunywa chai.

Mama hakuniambia kitu. Jumamosi ile alichukua kipande cha upindo alichokuwa amebakiza bila kukichoma, akakata kingine kidogo kutoka kwenye ovaroli ya mtindo wa zamani, akaenda nyumbani kwa mama mzazi wa bingwa. Habari za ziara hiyo tulizipata baadaye kwa mwenye nyumba mwenyewe, ambaye husimulia vizuri kuliko mimi. Mama Kiberiti aliomba kikaango. Akaweka kipande cha zamani, akawasha njiti. Kikawa cheusi, kikatulia. Akaweka cha rangi ya chungwa. Kikawaka kama karatasi, kikayeyuka, kikaganda chini ya kikaango.

"Hii ndiyo anayovaa?" mama wa bingwa aliuliza.

"Ndiyo hii, dada yangu."

Simu ilipigwa palepale.

"Njoo nyumbani."

"Mama, niko kwenye mahojiano."

"Waambie hao wanaokuhoji kwamba mama yako amesema njoo."

Bingwa akaja. Akaona kikaango. Akaanza kueleza habari za mkataba na mdhamini, na mama yake akamwacha afike katikati. Kisha akasema, "Siku mbili nilikaa leba kwa ajili yako. Siku mbili. Huyo mdhamini wako alikuwa wapi?" Ovaroli ya zamani ikatolewa kabatini, ikafuliwa, ikapigwa pasi.

Kabla ya kuondoka Mama Kiberiti alimwomba bingwa jambo moja: awaambie wenzake. Wewe watakusikiliza, alisema. Bingwa akaahidi. Lakini kuwaambia wenzake kungemlazimu aeleze amejuaje, na hapo yangerudi yale mapindo. Akanyamaza. Kwa ajili ya sentimita tisa mwanaume akafunga mdomo.

Siku ya mbio bingwa alitokea na ovaroli iliyopauka katikati ya watu wa rangi ya chungwa. Mkurugenzi alikasirika hadi mishipa ya shingo ikamtoka, ila gari lilikuwa limeshawashwa. Mzunguko wa ishirini na sita aliingia kuongeza mafuta. Kichwa cha mpira wa mafuta hakikukaa sawasawa. Mafuta yakaruka, yakagusa ekzosi, na moto ukapanda juu ya gari na juu ya fundi wa mafuta aliyekuwa ameushika ule mpira.

Bingwa alikaa ndani ya moto sekunde tisa akipambana na mikanda. Alitoka na nyusi zimeungua.

Fundi wa mafuta alikuwa ndani ya moto kwa muda mfupi zaidi. Yeye alivaa rangi ya chungwa, yenye muhuri wangu. Walipomvuta pembeni na kumzima, wawili wakaanza kumvua ile suruali, na ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye uzio: "Msivute! Msivute!" Mama Kiberiti alikuwa amepita chini ya kamba, mkasi wa kushonea mkononi. Alipiga magoti, akakata kitambaa kuzunguka pale kiliposhikana na ngozi, taratibu, kama mtu anayefumua mshono wa gauni la harusi. Daktari wa hospitali alisema baadaye kwamba wangemvuta angepoteza mguu wa kushoto. Miguu yote miwili iliungua, na mkono mmoja. Alilazwa miezi minne.

Jioni ile mkurugenzi alisimama mbele ya kamera akasema mifumo yetu ya usalama imefanya kazi kama ilivyokusudiwa. Mfumo aliokuwa anausema ulikuwa kikaango cha mama wa bingwa. Wiki iliyofuata ovaroli zote zilirudishwa kwa mdhamini "kwa maboresho ya rangi". Na stoo ya karatasi ikapokea barua kwamba uhamisho wa muda wa mama umefikia lengo lake. Lengo hilo hatujaelezwa hadi leo.

Alirudi maabara Jumatatu. Nilikuwa nimekesha nikipanga maneno ya kuomba radhi, na nilitegemea kutukanwa, hata kupigwa. Aliangalia kiti chake, akaniangalia mimi, akasema, "Chukua koti lako." Tukaenda hospitali.

Fundi wa mafuta alikuwa amelala na fremu ya waya juu ya miguu ili shuka lisimguse. Mama akamwambia, "Mwanangu, huyu ndiye aliyegonga muhuri." Sikujua pa kuweka mikono. Kisha, kabla yeye au mimi hatujasema neno, akaendelea: "Na mimi nilikwenda kwa mama wa bingwa. Kwa mama yako sikwenda. Sikumjua anapokaa, na sikuuliza."

 Fundi akasema, bila ukali wowote, "Anakaa nyuma ya uwanja, mtaa wa pili, nyumba ya bati la kijani. Unampita kila siku ukija kazini."

Mama alitikisa kichwa mara nyingi. Tulipotoka alikaa kwenye benchi la nje ya wodi, akashika tama, na nilisimama pembeni yake kwa muda mrefu kwa sababu sikuthubutu kukaa. Ni mara pekee nimemwona akishindwa kuendelea na kazi.

Tangu hapo, ingawa nilimsimulia yote hadi lile neno la mkurugenzi, hajanikumbusha jambo lile hata kwa utani. Ila kwa mwaka mzima, kila nilipochukua muhuri, aliniuliza swali moja: "Umeona, au umeelewa?"

Kisha akaenda kupigana na vikao. Alitaka kanuni mbili tu: hakuna vazi linalopata stika bila sampuli yake kuchomwa, na vifaa vya mafundi vipimwe kabla ya vya madereva. Vikao vilikuwa kumi na vinne. Katika cha tano aliambiwa hoja yake ni ya kihisia. Katika cha tisa iliundwa kamati ndogo ya kuchunguza maana ya neno "sampuli". Katika cha kumi na mbili alikuja na fundi wa mafuta, aliyekuwa anatembea kwa fimbo, akamkalisha mbele bila kumtambulisha kwa yeyote. Aliacha suruali fupi ya fundi, iliyoyaacha makovu wazi, imweleze. Kanuni zikapita. Mkurugenzi huzitaja nje ya nchi kama wazo lake, na sisi humpigia makofi maana tumeshajifunza kubadilika.

Tangu kanuni hizo zianze tumepata mioto kumi na mmoja. Hakuna fundi wala dereva aliyelazwa zaidi ya siku mbili. Takwimu hii haimo katika hotuba mtakayoisikia punde. Nimeiona, ina aya mbili kuhusu rangi mpya ya jengo. Bingwa siku hizi ni mchambuzi wa televisheni, na husema mara kwa mara kwamba usalama ni jukumu la kila mmoja wetu. Husema akiwa amekaa.

Mama Kiberiti anaondoka akiwa na mume mwenye afya, watoto wawili wanaojitegemea, wajukuu watatu ambao nguo zao zote za kulalia ameshazichomoa nyuzi na kuziwashia, na cherehani yake ileile ya siku ya kwanza. Anasema atashona magauni. Wateja wake wajiandae.

Kuhudhuria sherehe hii alitoa sharti moja. Alitaka meza ya kwanza, upande wake wa kulia, akae fundi wa mafuta, na upande wa kushoto akae mama yake fundi, yule wa nyumba ya bati la kijani, ambaye kwa miaka sita sasa Mama Kiberiti humtembelea kila Jumamosi. Kamati ilimweleza kwamba meza ya kwanza ni ya uongozi. Akajibu kwamba hapo sawa, yeye atastaafia nyumbani. Viti vimepangwa upya. Mkurugenzi yuko meza ya pili, karibu na spika kubwa, na wa kumpokea mama wa fundi mlangoni na kumshika mkono hadi kwenye kiti chake nimechaguliwa mimi. Sikuomba. Alinichagua mwenyewe, kwa jina, mbele ya kamati nzima.

Mama, asante kwa sekunde zote ulizotutafutia. Usingizi wako na uwe mtamu, magoti yako yapone ngazi za jengo hili, na kila asubuhi ikukute huna wa kubishana naye ila mume wako. Nenda ukapumzike. Vilivyobaki mezani tutaviangalia wenyewe, kwa macho.